Usalama na Sisi: Kesi Nne Ambazo Kila Kijana wa Kambini Azijue



Juzi tulikuwa tumekaa kwenye kibanda chetu hapa Kakuma, tunasaidia watu kujaza fomu za pasi ya kusafiri. Akaja kijana mmoja wa kutoka Kivu, alikuwa ameitwa kwenye mahojiano ya chuo mjini. Pasi ilikuwa imetoka, ameishika mkononi, lakini mahojiano yalipita siku mbili kabla. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Hii sheria ya kutuweka hapa ilianza lini? Nani aliamua?"

Tukamjibu vile kila mtu hujibu: "Ni mambo ya usalama."

Akasema, "Usalama sawa. Lakini mimi nimefanya nini?"

Tulinyamaza. Tunajitolea kila siku, tunajaza fomu za watu, na hatukujua historia ya fomu yenyewe. Kwa hiyo tulianza kusoma na kuulizana, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo 1966. Miaka ile wakimbizi walikuwa wachache, wengi wao Waganda, na waliishi mijini kama watu wengine. Kulikuwa na walimu kati yao, wakifundisha watoto wa Wakenya. Hakuna aliyewaambia wakae nyuma ya Lodwar.

Mambo yaligeuka 1991. Serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia, Ethiopia ikabadilisha utawala, na vita vya Sudan viliendelea. Watu walikuja kwa maelfu. Kambi za Dadaab zikaanza 1991, na Kakuma 1992, kwa ajili ya wale vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu mpaka wakafika mpakani. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ilipitishwa mwaka 2006! Yaani kambi ilikuja kwanza, sheria ikafuata miaka kama kumi na tano baadaye. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa yule kijana ni hili: kambi ilikuwa njia ya dharura, na dharura ikazoeleka.

Sasa tuje kwenye kesi.

Ya kwanza ni ya 2013. Mwezi wa Desemba 2012 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote wa mijini waende kambini, Wasomali Dadaab na wengine Kakuma, na uandikishaji mjini usimame. Uwanja wa mpira wa Thika ulitajwa kama mahali pa kuwakusanyia. Shirika la Kituo cha Sheria pamoja na wakimbizi waliokuwa wakiishi Nairobi walienda Mahakama Kuu. Julai 2013 Jaji Majanja alifuta agizo lile. Alisema serikali haikuonyesha jinsi kuwaondoa wakimbizi wote mjini kungeleta usalama. Watu wale walikuwa na kazi, watoto shuleni na heshima yao, na huwezi kuvunja yote hayo bila sababu iliyothibitishwa.

Ya pili tulishindwa, na lazima tuiseme, tusidanganyane. Septemba 2013 magaidi walishambulia Westgate na kuua watu 67. Machi 2014 serikali ikatoa agizo jipya la kambi. Mwezi huohuo milipuko ikatokea Eastleigh, halafu operesheni ya Usalama Watch ikaanza. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Watu walienda tena mahakamani, na safari hii mahakama ikakataa ombi lao. Jaji alikuwa yuleyule Majanja. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mahakama iko upande wetu siku zote. Kila kesi inapimwa kivyake.

Ya tatu ni ya Februari 2015. Desemba 2014 Bunge lilipitisha sheria ya kubadilisha sheria za usalama, siku ambayo wabunge walirushiana maji na kuchana karatasi. Ndani yake kulikuwa na kifungu kinachosema wakimbizi na waomba hifadhi nchini Kenya wasizidi 150,000. Wakati huo tulikuwa zaidi ya 500,000. Hebu fikiria hesabu hiyo: hao wengine waende wapi? Majaji watano walikifuta kifungu hicho. Walisema kukitekeleza kungekuwa ni kuwarudisha watu mahali ambapo maisha yao yako hatarini, na hilo Kenya iliahidi kutolifanya.

Ya nne ni ya Dadaab. Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa, watu 148 wakafa, wengi wao wanafunzi wa umri wetu. Mei 2016 serikali ikatangaza kwamba Dadaab itafungwa na idara ya wakimbizi ikavunjwa. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na Kituo cha Sheria wakaenda mahakamani. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji Mativo akasema kufunga kambi kwa namna ile ni kinyume cha Katiba. Alisema ni ubaguzi, na ni kuadhibu kundi zima kwa makosa ya watu wachache.

Ukiziweka kesi hizi pamoja, unaona mvutano uko mahali pamoja. Siasa huuliza: wako wangapi, na wametoka wapi? Sheria huuliza: ni nani, na amefanya nini? Hata Mkataba wa 1951 haukatai usalama. Kifungu cha 33 kinasema wazi kwamba mkimbizi ambaye kuna sababu za msingi za kumwona ni hatari kwa nchi hapati kinga ile ya kutorudishwa. Lakini kinamzungumzia mkimbizi mmoja, kwa sababu zake. Hakizungumzii kabila wala kambi.

Na sisi tuseme jambo letu. Kenya haikuota tu hofu. Wazazi walizika watoto wao baada ya Garissa. Mwenye duka wa Westgate alikuwa na haki ya kurudi nyumbani jioni. Tukiongea haki zetu bila kutaja hao, hatutasikilizwa, na hatustahili kusikilizwa. Sisi wenyewe tulikimbia watu wenye bunduki. Usalama tunaujua thamani yake kuliko wengi.

Lakini kuna jambo lingine, na hili ndilo lililotufanya tuandike. Ile 2016, tangazo lilipotoka, mwanzoni hata Kakuma ilikuwa inasemwa. Baadaye ikabaki Dadaab peke yake. Wengi wetu tulikuwa wadogo bado, lakini tunakumbuka maneno ya bombani na ya kwenye mstari wa rasheni. "Afadhali. Hiyo ni shida ya Wasomali, sisi Wakongo na Warundi hatuhusiki." Tulisema hivyo. Tulipumua. Jirani yetu Msomali aliyekuwa anatukopesha unga na sukari alisikia, akanyamaza.

Machi 2021 serikali ikaipa UNHCR siku 14 itoe mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma, zote mbili. Siku ile hakuna aliyeuliza wewe ni wa nchi gani. Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda, kisha mazungumzo yakafuata, na kambi zikabaki. Lakini sisi tulikuwa tumepata somo. Ukikubali jirani yako ahukumiwe kwa kundi lake, umeshakubali nawe uhukumiwe hivyo. Ni suala la siku tu.

Leo mambo yanabadilika tena. Sheria mpya ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika 2022, inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi na biashara. Machi 2025 Mpango wa Shirika ulizinduliwa, wa kugeuza kambi polepole ziwe makazi ya pamoja na wenyeji. Tunaufurahia, na tunajua ndugu zetu Waturkana wana maswali yao ya haki kuhusu ardhi na maji. Ila sheria hiyohiyo bado ina maeneo yaliyotengwa ya kuishi, na bado inaruhusu mkimbizi kufukuzwa kwa sababu za usalama. Mjadala haujaisha. Umehamia kwenye swali la nani ataamua, na kwa ushahidi gani.

Kwa hiyo yule kijana tulimtafuta, tukamweleza yote haya, na tukamwonyesha kitu kimoja ambacho hatukuwa tunakijua. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kutendewa na ofisi za serikali kwa haraka na kwa haki, na kama uamuzi unagusa haki yake, apewe sababu kwa maandishi. Kimesema kila mtu. Hakikusema kila raia. Hii ni moja ya silaha zilizotumika ile 2013.

Tangu wiki iliyopita, kwenye kibanda chetu tunafanya hivi: mtu akinyimwa pasi au akicheleweshwa, tunamsaidia kuandika barua fupi ya heshima, kuomba sababu. Tunaweka nakala na tarehe. Mashirika, tusaidieni hapo, msituachie karatasi peke yetu.

Yule kijana ameandikia chuo kuomba siku nyingine ya mahojiano. Fomu ya pasi mpya tumeijaza mapema, na barua iko tayari kama itahitajika. Jina la kwanza kwenye daftari letu la barua, lakini, si lake. Ni la mama mmoja Msomali anayetaka kumpeleka mtoto hospitali Eldoret. Barua yake tuliandika sote pamoja.