Singe ya 1907 iliyotengenezwa 1917

Wadau, wengi tunapita Posta pale kwenye sanamu ya Askari, ile ambayo wazee wa mjini wanaiita Bismini, bila kuangalia ameshika nini. Ni bunduki yenye singe (wengine wanasema beneti), ncha yake ikielekea bandarini. Imesimama hapo tangu 1927, ukumbusho wa askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Singe za kweli za vita ile bado zinauzwa na kukusanywa, na kuzisoma kunahitaji macho.

Chukua singe ya Mwingereza, bapa lake inchi 17, kama sentimita 43 hivi. Karibu na mpini imegongwa 1907, na hapo ndipo watu wanapoingia mkenge. Huo siyo mwaka iliyotengenezwa, ni jina la muundo! Tarehe yenyewe ni tarakimu ndogo: 8 17 maana yake Agosti 1917. Juu kuna taji na herufi GR za Mfalme George, chini jina la kiwanda, mfano Wilkinson au Sanderson. Upande wa pili utakuta X, alama kwamba bapa lilijaribiwa kwa kupindwa. Za mwanzo zilikuwa na kulabu, ikaondolewa 1913. Zenye kulabu ndizo ghali, kwa hiyo matapeli nao wanachomelea za bandia.

Ya Mjerumani itazame mgongoni mwa bapa. Mara nyingi utaona taji, W ya Kaiser Wilhelm, na tarakimu mbili za mwaka.

Lakini nani aliibeba? Hapo ndipo pagumu. Novemba 1914 Waingereza walishindwa vibaya Tanga, wakapanda meli na kuacha mamia ya bunduki. Askari wa von Lettow-Vorbeck, ambao wengi walikuwa na bunduki za muundo wa 1871 zinazotoa moshi mzito, wakaziokota na kuendelea nazo. Kumbe silaha ya Mwingereza ilining'inia hata kiunoni mwa askari wa Mjerumani, labda Mnyamwezi au Msukuma.

Kwenye mpini au kikingio unaweza kukuta namba ya kikosi na namba ya silaha. Jina la mtu, hakuna. Muuzaji akikuapia kwamba hii ilikuwa ya askari fulani, muombe karatasi. Hana? Basi lipia chuma tu, hadithi muachie mwenyewe.