Kilo 38 Mgongoni

Kila tulipompeleka mama hospitalini, moyo wake ulitulia. Alilazwa, akabandikwa waya kifuani, mashine ikachora mistari kwa sekunde chache, tukaambiwa yuko sawa. Usiku, nyumbani, moyo ulianza tena kwenda mbio hadi anainuka na kushika ukuta. Nisiseme uongo: hata mimi nilianza kudhani ni wasiwasi tu.

Hatimaye akavishwa kimashine cha ukubwa wa simu, arudi nacho nyumbani kwa saa 24. Kinaitwa Holter. Kumbe Holter ni jina la mtu.

Norman Jefferis Holter alitoka mji wa Helena, Montana, Marekani. Hakuwa daktari. Alikuwa mwanafizikia, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alichunguza mawimbi ya bahari kwa ajili ya jeshi la wanamaji. Baadaye aligeukia moyo. Kwa nini upimwe mtu akiwa amelala tuli, ilhali siku yake nzima ni kutembea, kupanda ngazi na kugombana na watu? Mwaka 1947 alikuwa na kifaa cha kurusha mapigo ya moyo kwa redio. Kilikuwa na uzito wa kilo 38 hivi. Alikibeba mwenyewe mgongoni, akapanda baiskeli isiyosonga, akanyonga.

Transista na kanda za sumaku zilipunguza mzigo huo. Lakini likazuka tatizo lingine: daktari gani ana saa kumi za kukaa akitazama mistari ya mgonjwa mmoja? Holter akaunda mashine ya kuichezesha kanda mara 60 ya kasi yake, mapigo yakipandana kwenye skrini na kutoa sauti. Pigo lililopotoka lilionekana, tena likasikika. Alieleza mbinu hiyo mwaka 1961 katika jarida la Science.

Bado alihitaji watu wa kukifikisha kwa wagonjwa. Eliot Corday, daktari wa moyo huko Los Angeles, aliona faida yake, na mhandisi Bruce Del Mar akaanza kukiunda kiwandani. Mmoja alijua wagonjwa wanakosa nini, mwingine alijua kutengeneza.

Majibu ya mama yalipotoka, daktari aliweka kidole kwenye karatasi: saa nane na dakika arobaini usiku, mistari imevurugika kabisa. Mama aliitazama, kisha akanigeukia mimi, si daktari.

“Si niliwaambia?”