Kifungo cha Shaba Kilivyofika Dodoma

Mteja akiniletea kitambaa cha nevi bluu na kuniambia anataka "vifungo vya dhahabu", namuuliza kwanza anafanya kazi wapi. Wengine hushangaa. Kwao fundi aulize urefu wa mkono na upana wa kifua, basi. Lakini hapa Dodoma kifungo kinachong'aa kifuani ni cha zamani kuliko Bunge, na ni cha zamani kuliko makao makuu yenyewe. Anayekivaa anabeba historia hiyo, ajue asijue.

Wagogo wa hapa hawakukihitaji. Mgolole hufungwa fundo begani na mambo yakaisha. Shaba yenyewe hawakuwa wageni nayo, kwa maana waya wa shaba ulikuwa miongoni mwa bidhaa za misafara iliyokuwa ikitoka pwani kwenda Tabora katika karne ya 19. Richard Burton alipita Ugogo mwaka 1857, Stanley akapita 1871, na kila msafara ulilipa hongo kwa watemi, hasa majora ya nguo na shanga, ndipo ukaruhusiwa kuchota maji na kuendelea. Nchi hii ni kavu na visima ni vichache, kwa hiyo watemi walijua wanauza nini. Waya ulisokotwa ukawa bangili za mikono na miguu. Shaba ile ilionyesha mali ya mwenyewe, si bwana wake.

Shaba iliyomtaja bwana ililetwa na serikali ya kikoloni na reli. Garimoshi lilifika Dodoma kutoka Dar es Salaam mwaka 1910, na reli ikafika Kigoma 1914. Wajerumani, na baada yao Waingereza, walihitaji watu wa kutambulika kwa mbali: askari, tarishi wa boma, mkuu wa stesheni, gadi wa treni. Mtu hakuulizwa jina lake. Walitazama vifungo vyake.

Sehemu ya desturi hii ilitoka baharini, jambo linalonistaajabisha kila nikilifikiri. Jeshi la majini la Uingereza liliwapa maofisa wake sare ya buluu mwaka 1748. Vifungo vyao vikawekwa nanga, na mwaka 1812 taji likaongezwa juu ya nanga. Birmingham ikawa mji wa kuvigonga kwa wingi. Matthew Boulton, yule aliyeshirikiana na James Watt katika injini za mvuke, alikuwa mtengenezaji wa vifungo pia. Nanga hiyo imesafiri hadi kwenye nyanda hizi zilizo mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, zaidi ya kilomita 300 kutoka ufukweni, na bado naletewa vifungo vya nanga na watu ambao hawajawahi kupanda hata ngalawa.

Baba yangu alikuwa gadi wa treni. Koti lake la kazi lilikuwa la buluu nzito, na vifungo vilivyogongwa herufi za shirika. Jioni kabla ya safari alikuwa na kibao chembamba chenye mwanya katikati. Alikiingiza chini ya vifungo vyote kwa mpigo mmoja, akavipaka Brasso na kuvisugua, na kibao kikazuia dawa isichafue kitambaa. Watoto hatukuruhusiwa kuvigusa. Alipostaafu, koti alibaki nalo, lakini vifungo alivikata mwenyewe akavirudisha stoo, kwa sababu vilikuwa vya kazi. Mama akashonea vya plastiki nyeusi, na baba akaendelea kulivaa kanisani kwa miaka mingi. Mpaka leo sijaona mtu aliyeelewa kifungo kuliko yeye.

Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, mng'aro ulipungua vifuani. Viongozi wengi waliacha koti na tai wakavaa Kaunda suti, na ile suti ya kola ya kusimama iliyofanana na ya viongozi wa China. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa mavazi hayo. Tazama picha za wakati ule: vifungo ni vya plastiki, rangi ileile ya kitambaa, vingine havionekani kabisa. Fundi wa Uhindini, hapa mjini, aliyenifundisha kazi aliniambia kushona vazi hilo ni kugumu kuliko koti la Kizungu, kwa kuwa hakuna cha kuvuta jicho likasahau mshono uliopinda. Namuunga mkono. Ni vazi zuri, na tumeliacha mapema mno.

Kisha ikaja dhiki ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitambaa kilikuwa cha kupanga foleni, vifungo ndiyo kabisa. Mwalimu wangu alikuwa na kopo la Blue Band lililojaa vifungo vilivyokatwa kwenye nguo chakavu, akivipanga kwa ukubwa na kuvitunga kwenye uzi vinne vinne. Koti likitoka na vifungo vitatu vya aina moja na cha nne kinachokaribiana navyo, hakuna aliyelalamika.

Biashara ilipolegezwa katikati ya muongo ule, mitumba ikamwagika. Pale soko la Sabasaba yalishuka makoti ya buluu kutoka Ulaya, vifungo vyake vikiwa na nembo za shule, vilabu, mashirika ya ndege. Vijana waliyapenda kwa mng'aro wake, na siwalaumu, kwani koti lenyewe mara nyingi ni kazi safi ya mikono. Ila mtu akiniletea koti hilo kulipunguza, namshauri tuvikate vifungo vile. Kuvaa alama ya shule usiyosoma ni kujitambulisha kwa jina la mtu mwingine.

Sasa wateja wangu ni watumishi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa 1973, lakini wizara zilihama kwa wingi kuanzia 2016, na kila bajeti inaposomwa mwezi Juni upepo wa Dodoma unakuwa na baridi inayomfanya mtu wa pwani atafute koti. Hao nawachagulia kifungo cha pembe, kahawia iliyokolea, matundu manne, milimita 20 mbele na 15 mikononi. Katika nchi ya wafugaji pembe haihitaji kujieleza. Shaba tupu isiyo na nembo nawawekea wanakwaya, ambao wanasimama pamoja na wana haki ya kung'aa pamoja. Kifungo cha shaba kina kikonyo na uzito, kwa hiyo nyuma ya kitambaa natia kifungo kidogo cha plastiki cha kukishikilia; bila hicho koti hulegea kifuani baada ya miezi michache. Dabo bresti ina vifungo sita na vinavyofungwa ni viwili, vingine vinne ni vya kukaa tu, na ndiyo maana mafundi wavivu huvipanga ovyo.

Dodoma ilipewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, na bado wakazi wake hatuna kifungo chetu. Nimechora kimoja: kichala cha zabibu, maana mizabibu ya Makutupora na Hombolo ndiyo inayotutambulisha nchi nzima, na pembeni jani moja tu, kwa sababu mistari mingi hujaa vumbi letu jekundu. Mchonga mihuri wa hapa Majengo anasema anaweza kutengeneza chapa ya chuma, lakini haitalipa mpaka oda zifikie makoti hamsini. Kwaya mbili zimekubali. Naendelea kuandikisha.