Kijiji Kilichojengwa Mara Tatu: Habari za Masasi



Katika siku za jubilei ni desturi yetu kuwataja maaskofu na mapadre waliotutangulia, nasi twafanya vema, maana hao ni baba zetu katika imani. Lakini katika kurasa hizi nataka kuwakumbusha watu wengine, ambao majina ya wengi wao hayasomwi kanisani wala hayakuchorwa katika mawe ya makaburi. Ndio wale waliotoka Unguja mwaka 1876 kwa hiari yao, wakaja kufyeka pori chini ya milima ya Masasi. Waliona nyumba zao zikichomwa, na kijiji kikainuka tena.

Kwanza yafaa tujue walitoka katika hali gani. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Misheni yetu, iliyoanzishwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza, ikapata kiwanja cha soko lile pale Mkunazini, na mahali palipouzwa watu pakajengwa kanisa kuu. Lakini kufunga soko si kumrudisha mtu kwao. Wengi walikuwa wametolewa katika majahazi na manowari za Waingereza. Watoto wa kiume walitiwa chuoni Kiungani, na watu wazima wakapewa mahali pa kukaa na kulima katika shamba la Mbweni. Watu hao walikuwa huru, lakini huru katika nchi ya ugeni. Wengi walikuwa wenyeji wa bara, upande wa Ruvuma na Ziwa Nyasa, nao hawakusahau lugha ya mama zao.

Askofu Edward Steere aliliona jambo hilo. Mwaka 1875 alikuwa amekwenda kwa miguu kutoka pwani hata Mwembe, mji wa Mataka, mkubwa wa Wayao, akaiona ile njia ambayo misafara ya watumwa ilishukia. Aliporudi, akawaza kuwarudisha waliowekwa huru kwa njia ile ile, wakae bara na kuanzisha kijiji cha Kikristo. Hakutaka kuwapeleka kwa nguvu, maana mtu aliyekwisha kuchukuliwa mara moja pasipo kutaka, si haki kumchukua mara ya pili. Basi waliokubali walikuwa zaidi kidogo ya 50, wanaume na wanawake. Mwezi wa Oktoba 1876 wakavuka bahari mpaka Lindi, na kutoka hapo wakashika njia ya bara pamoja na Askofu na Padre William Percival Johnson.

Hebu tufikiri ushujaa wa safari ile. Njia ile walikuwa wameipita zamani wakishuka, wengine na kamba shingoni. Sasa waipanda na mizigo kichwani, na hakuna awapigaye. Nia ya Askofu ilikuwa kwenda mbele zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa. Lakini walipofika Masasi, mahali penye milima ya mawe makubwa na ardhi njema, watu wale wenyewe waliomba wakae papo hapo. Askofu akalisikia neno lao, akakubali. Kwa hiyo, ndugu zangu, aliyechagua mahali pa Masasi si Mzungu peke yake. Walipachagua wale waliokuwa watumwa jana, nao wakasema, hapa patatufaa.

Kazi ikaanza. Wakapima viwanja, kila watu na kiwanja chao. Wakakata miti, wakakandika kuta za udongo, wakaezeka nyasi. Mashamba yakafyekwa. Askofu alikaa nao kitambo, kisha akarudi Unguja, akamwacha Padre Johnson. Mwaka 1877 akaja Padre Chauncy Maples, naye akashika ulezi wa kijiji. Ikawa mahali pa sala, pa kusoma, na pa kulima.

Lakini ni wajibu wetu kusema kweli yote, maana sifa isiyo na kweli haimpendezi Mungu. Kijiji kile kilikuwa na udhaifu. Kwanza, kilikuwa kijiji cha wageni. Wenyeji wa nchi waliwatazama kama watu wa Misheni, si kama jirani wa ukoo. Pili, kila shauri lilipelekwa kwa padre: kesi za ndoa, za deni, za ugomvi. Padre aliyekuja kuhubiri akajikuta amekuwa jumbe na hakimu. Twajua mithali ya wazee wetu, kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walilishika tangu siku ya kwanza. Walichokikosa ni kuhesabiwa kuwa wenyeji.

Hata mwaka 1882 ukawa mwaka wa msiba. Mwezi wa Agosti Askofu Steere alifariki Unguja. Mwezi uliofuata Wangoni wa upande wa Songea, ambao watu wa huku waliwaita Wagwangwara, walikishambulia kijiji. Wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na nyumba zikateketezwa. Misheni ilitoa nguo nyingi ili kuwakomboa waliochukuliwa. Fikirini uchungu wa mtu aliyekombolewa baharini, akarudi karibu na kwao, akatekwa tena mlangoni pa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake! Padre Maples na wengi wa watu wake wakaenda Newala, kwa Matola, jumbe wa Wayao aliyekuwa rafiki wa Misheni. Masasi ikabaki majivu.

Lakini haikuachwa. Baada ya muda kazi ikaanzishwa tena chini ya milima ile ile. Na wakati huu Misheni ilikuwa imejifunza neno kubwa: kwamba kijiji hakiponi kwa kutengwa na jirani zake. Basi badala ya kukusanya watu mahali pamoja chini ya padre, walimu wakapelekwa kukaa katika vijiji vya wenyeji wenyewe, chini ya majumbe wao. Mfano mwema ni Cecil Majaliwa. Alikuwa mtoto aliyetolewa utumwani, akasoma Kiungani; mwaka 1886 akaja kufanya kazi Chitangali, kwa Nakaam, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika Misheni yetu kuupata. Hakuja na askari wala mali nyingi. Alikuja na mke wake na watoto wake, akakaa na watu, akafundisha. Shule na kanisa vikasimama kwa sababu wenyeji waliviona kuwa vyao.

Mwaka 1905 vita vya Majimaji vikafika upande wetu, na Misheni ya Masasi ikachomwa tena. Mapadre wa Kizungu walikimbilia pwani. Baada ya vita, njaa kubwa iliziumiza nchi za kusini. Ingalikuwa rahisi kusema, imetosha, mahali hapa pana bahati mbaya. Lakini watu wakarudi, wakajenga mara ya tatu. Na vita vya mwaka 1914 vilipokuja, Wajerumani wakawafunga Wazungu wa Misheni, na wanaume wengi wa nchi hii wakachukuliwa upagazi, ambao wengi hawakurudi. Siku hizo ulinzi wa makanisa yetu ulikuwa juu ya mapadre Waafrika, walimu, na akina mama waliobaki. Bila uaminifu wao, mwaka 1926 lisingalikuwapo kundi la kufanyiwa Dayosisi ya Masasi, wala Askofu Vincent Lucas asingalikuwa na watu wa kuwachunga. Basi tangu mwaka ule hata 2026 ni miaka 100, na tangu viwanja vya kwanza kupimwa ni miaka 150.

Kwa nini nimeyaandika haya? Mimi ni katekista, na kazi yangu hunipitisha katika mitaa mingi. Katika mtaa mmoja, ambao sitautaja, upepo uliezua paa la darasa la watoto. Nilipouliza litaezekwa lini, wazee walinijibu kwamba barua imekwisha kupelekwa kwa wafadhili, wanangoja. Walingoja masika mawili. Miti ilikuwapo, nyasi zilikuwapo, mikono ilikuwapo. Sikuwalaumu kwa sauti, maana hata mimi nilikuwa mmoja wa waliotia sahihi barua ile. Lakini usiku ule niliwakumbuka wale wa 1876, nikaona haya.

Sisemi kwamba msaada ni mbaya. Watu wale walisaidiwa na Askofu kwa chakula, kwa vyombo, kwa mafundisho. Hata Nehemia, alipokwenda kuujenga ukuta wa Yerusalemu, alipewa miti na mfalme. Lakini mfalme hakuujenga ukuta. Waliujenga watu wa mji, kila mmoja sehemu yake, na wengi mbele ya nyumba zao wenyewe. Msaada huja kumkuta mtu aliyekwisha kuanza.

Basi ninyi walimu, wafundisheni watoto habari hii, wajue kwamba kijiji chao hakikushuka kutoka mbinguni. Nanyi Wakristo wa mitaani, jubilei ikiisha na ngoma zikinyamaza, kila mtaa na ujichagulie kazi moja iliyo ndani ya uwezo wake: kisima kisafishwe, njia ya zahanati ilimwe, paa la mjane liezekwe. Hiyo itakuwa sadaka ya shukrani kwa Mungu, na kumbukumbu ya wale ambao hatuwezi kuwataja kwa majina.

Mwenyezi Mungu, awajuaye wote kwa majina yao, awape raha ya milele, nasi atupe moyo wao. Amina.