Kamera ya Vugiri

Wadau, juzi nilikuwa Lushoto kwa shangazi. Binamu yangu mdogo kachomeka EyeToy kuukuu kwenye PlayStation 2, anarusha mikono na kujiona ndani ya TV. Kidude hicho cha Sony, cha mwaka 2003, kina kamera na maikrofoni.

Nikakumbuka Vugiri, milima hii hii ya Usambara. Kati ya 1935 na 1937, Meja Notcutt na wenzake walitengeneza hapo filamu za mradi wa BEKE, kwa fedha za Carnegie. Picha zilikuwa bubu, sauti ikitoka kwenye santuri. Waafrika waliigiza, ila Wazungu ndio walioamua hadithi: kodi, safura, akiba ya posta.

Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, hilo dude linatuona na sisi?"

Linatuona, shangazi. Lakini nani anaamua tuonekane tukifanya nini?