Kutoka Swichi hadi Mkondo Unaojirekebisha: Historia ya Kusisimua Misuli ya Mkono Uliopooza na Funzo Lake kwa Mugoma

Historia ya kutibu viungo vilivyopooza kwa umeme inaweza kusomwa kupitia swali moja: nani anayeamua kiasi cha mkondo? Katika kata ya Mugoma, wilayani Ngara, swali hilo si la kinadharia. Mkulima aliyepatwa na kiharusi hushindwa kwanza kushika jembe, na kaya nzima huathirika.

Katika karne ya 19 aliyeamua alikuwa tabibu. Duchenne wa Ufaransa, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1855, alisisimua msuli mmoja mmoja kupitia ngozi. Mwaka 1961, nchini Marekani, Liberson na wenzake walikabidhi uamuzi huo kwa swichi iliyowekwa chini ya kisigino: mguu ulipoinuka, mkondo uliwaka, ulipokanyaga, ulizimika. Mbinu hiyo ilifaa mguu kwa kuwa hatua za mwendo hujirudia. Mkono hauna mwendo wa namna hiyo. Kila unapofikia kitu hupita njia tofauti, na msuli unaosisimuliwa huchoka upesi. Mkondo usiobadilika, kwa hiyo, haukutosha.

Suluhisho lilitoka kwenye roboti. Mwaka 1984 Arimoto na wenzake, nchini Japani, walieleza udhibiti ambao kosa la jaribio lililopita hutumika kurekebisha jaribio linalofuata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, waliuhamishia kwenye tiba. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2009, watu 5 wenye kiharusi walijitahidi kufuata njia iliyochorwa, mkondo ukisaidia msuli unaonyoosha kiwiko na kurekebishwa baada ya kila jaribio. Uwezo wao wa kufuata njia bila msaada wa umeme uliongezeka. Hata hivyo, kipimo cha kushika na kuhamisha vitu hakikuonyesha badiliko la kitakwimu.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha hoja. Kunyoosha kiwiko si kushika jembe, na ahadi kwa mgonjwa haipaswi kuvuka ushahidi. Vilevile, takwimu za kiharusi zilizokusanywa Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006, yaani wagonjwa wapya 108.6 na 315.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka baada ya kusawazisha umri, haziwezi kuazimwa kwa ajili ya Ngara: pengo kati ya maeneo hayo mawili lenyewe linakataza.

Umeme nao si kikwazo kikuu. Mbali na mradi wa Rusumo wa megawati 80 uliojengwa wilayani humo, vifaa vya kusisimua misuli huweza kutumia betri. Kinachohitajika zaidi ni mtaalamu wa fiziotherapia anayepima kila jaribio na kurekebisha linalofuata. Kanuni hiyo ya kujifunza kutokana na kosa inaweza kufika Mugoma kabla ya roboti.