Kusoma Plagi: Mafuta Gani?

Fundi wa pikipiki akikwambia "plagi imelowa mafuta", muulize: mafuta gani? Petroli tunaiita mafuta, na oili ya injini nayo ni mafuta. Kwenye kituo cha kujazia hilo halimpotezi mtu. Kwenye plagi linaweza kumfanya mwenye chombo alipie kazi ambayo injini yake haikuihitaji.

Istilahi yenyewe ni kusoma plagi: kuifungua na kuitambua hali ya injini kwa rangi na ukavu wa ncha yake. Kwa nini isiwe "kukagua"? Anayekagua hutafuta kama kitu ni kizima au kibovu, ilhali plagi nzima kabisa huweza kueleza ubovu ulioko kwingine. Kwa hiyo nashikilia kusoma. Neno "plagi" nalo limeshazoeleka gereji. Anayehofia kulichanganya na plagi ya umeme wa nyumbani aseme "plagi ya cheche".

Ncha ya plagi imo ndani ya chumba cha mwako. Inahitaji joto la nyuzi 450 hivi za Selsiasi ili iunguze uchafu unaoigandia. Ikipita nyuzi 850 hivi, huweza kuwasha petroli yenyewe kabla cheche haijaruka. Plagi inayofanya kazi kati ya mipaka hiyo huwa na kauri ya kahawia hafifu au kijivu, na hapo injini inachoma vizuri. Kauri nyeupe pe, yenye malengelenge, imepata joto kupita kiasi: huenda hewa imezidi, au cheche inawahi mno, au plagi si ya injini hiyo. Tukifuata Kiingereza neno kwa neno tutasema mchanganyiko "uliokonda" na mchanganyiko "tajiri", na mwanafunzi hataambulia kitu. "Hewa imezidi" na "petroli imezidi" zinamwonyesha pa kwenda kutazama.

Weusi ndio unaotaka uangalifu zaidi. Kuna masizi makavu, kama ya sufuria ya kuni, yanayofutika kwa kidole. Hayo husema petroli imezidi; mara nyingi chujio la hewa limeziba au kabureta haikurekebishwa sawasawa. Kuna pia weusi unaong'aa na kuteleza, usiokauka hata plagi ikiachwa juu ya meza. Hiyo ni oili, inayopanda kupitia ringi za pistoni zilizolika au kuvuja kwenye sili za vali, na tiba yake huenda ikawa kufungua injini. Plagi iliyolowa petroli ni nyingine kabisa: inanuka, na ikikaa hewani kidogo inakauka. Petroli ilifika, ila haikuwaka, ama kwa sababu imefurika ama kwa kukosa cheche. Hapo huanziwa na plagi yenyewe, waya na koili, vitu vinavyobadilishwa bila kugusa pistoni.

Plagi husomwa baada ya safari ya kutosha, injini ikiwa imevuta mzigo. Injini iliyonguruma muda mrefu bila mwendo hujaza masizi hata kama ni nzima. Na kwenye gari la silinda nne, plagi zipangwe kwa mfuatano zilivyotoka. Moja ikitofautiana na wenzake, umeshajua ni silinda ipi ya kuishughulikia. Ukizichanganya kwenye kopo, umepoteza nusu ya habari.

Nawaomba walimu wa ufundi waliache neno "mafuta" nje ya somo hili. Wafundishe "imelowa petroli" na "imelowa oili", na wanafunzi waandike hivyo kwenye kadi za kazi. Nawe mwenye chombo, kabla hujakubali injini ifunguliwe, omba plagi ikishapoa uishike, uinuse na uiguse mwenyewe.